Siku moja maishani mwangu: dada wa mabango, wiki ya vunja jungu

Saa 11 alfajiri

Kabla ya chai napika gundi. Ndio, napika, unga wa ngano na maji, unakoroga taratibu mpaka inakuwa uji mzito usio na madonge, maana ukiacha donge bango linavimba ukutani na likikauka linapasuka hapohapo kwenye tarehe. Gundi ya kopo ya dukani sisi hatuiwezi, kazi yetu inakula ndoo. Mama mwenye nyumba kashazoea, mwanzoni alikuwa anakuja kunusa jikoni akidhani kuna maandazi.

Nafanya kazi kwenye kaofisi kadogo hapa Dar, tunakusanya matukio ya sanaa na burudani ya wiki nzima, maonyesho ya picha, taarabu, dansi, maigizo, ngoma, tunapanga orodha tunaituma kwenye redio, mapokezi ya hoteli na magrupu ya WhatsApp. Mteja akilipia zaidi tunamchapia mabango tunambandikia. Mimi nipo kwenye yote, kupiga simu, kupanga, kupika gundi, kubandika. Ukoo mzima unajua "nazunguka na makaratasi" na shangazi yangu mpaka leo ananitafutia kazi.

Sasa hii ilikuwa Jumanne ya wiki ya vunja jungu. Kwa asiyejua, hizo ndo siku za mwisho kabla ya Ramadhani, kila mwenye bendi na kikundi anataka shoo yake iwe kabla mwezi haujaandama, maana ukishaandama taarabu nyingi zinafungasha vyombo mpaka Idi. Kwa hiyo wiki moja inabeba kazi ya mwezi, na hela wanataka kulipa ya wiki moja.

Saa 1 asubuhi

Daladala Tabata kwenda Kariakoo. Konda kaniambia ndoo ilipiwe nauli. Nimeipakata.

Saa 2

Upanga, kwa Wafaransa na kwa Wajerumani, vile vituo vyao vya utamaduni, Alliance Française na Goethe-Institut, kuchukua ratiba zao za mwezi. Hawa sina neno nao, mambo yao yanapangwa mapema, imeandikwa siku, saa, kiingilio au bure, unachukua unaondoka. Nikapita Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert kuuliza ukumbini kuna nini, nikaandika, nikatoka. Kazi zote zingekuwa hivi ningenenepa.

Saa 4

Kariakoo, kwa mchapaji. Hapa ndo siku yangu ilipoishia kusema kweli.

Nilikuwa na mabango ya taarabu moja ya Temeke, kikundi sikitaji, shoo ya Jumamosi usiku. Sampo ilishakubaliwa tangu Ijumaa iliyopita, mama meneja mwenyewe kaijibu kwa vidole gumba vinne. Nafika mabango yameshatoka yote, A3, wino unang'aa, nayahesabu, simu inaita, yeye.

"Mwanangu, hujachapa bado eti?"

Nikamwambia shikamoo mama, yameshachapwa, ninayo mkononi. Kimya. Halafu akashusha pumzi ndefu ile ya mtu mwenye deni la kukulaumu.

Kumbe kilichotokea ni kwamba malkia wao, yule mwimbaji mkongwe, kaiona sampo kwenye simu ya mtu, kaona pale katikati kawekwa binti mpya na yeye kawekwa pembeni kulia, na tena picha yake inaishia kifuani wakati ya binti inaonyesha mpaka gauni. Amesema haimbi. Mtu wa nje atacheka hapa, eti watu wazima wanagombania picha, ila mimi sicheki kwa sababu naijua hesabu yake. Taarabu mwimbaji anaishi kwa kutunzwa. Wale kina mama wanaosimama na noti kwenda mbele kumtunza wanakuja kwa ajili ya mtu wao, na mtu wao wanamtafuta kwenye bango. Ukimsogeza pembeni umewaambia mashabiki zake kwamba yeye msindikizaji, wanabaki nyumbani na noti zao. Kwa hiyo anagombania mshahara, ingawa hata yeye hawezi kukwambia hivyo, atakwambia amedhalilishwa.

Nikamwambia mama, nakuelewa, lakini kuchapa upya ni hela upya. Akaniambia mwanangu hebu ongea na huyo kijana wa kompyuta si anaweza kufuta. Kufuta karatasi lililoshachapwa! Nikampa simu yule dizaina amweleze mwenyewe, naye mtu wa heshima zake, anaitikia tu "ndio mama, sawa mama", nikaona huyu atakubali, nikaipokonya simu.

Ndo katika kubishana hivyo umeme ukakatika. Mafeni kimya, watu sita tumebanwa kwenye chumba kimoja na harufu ya wino, jenereta la jirani linatupigia moshi mlangoni. Nikakaa juu ya boksi la karatasi, simu sikioni, mama anaendelea, na hapo ndo akatoa la pili ambalo nadhani ndilo lililomfanya apige tangu mwanzo.

"Halafu mwanangu, shekhe mmoja hapa mtaani kaniambia Jumamosi si tarehe 29 Shaabani?"

Nikahesabu kwa vidole. Ni kweli. Maana yake mwezi unatafutwa Jumamosi hiyohiyo magharibi, ukionekana ikatangazwa, saa mbili usiku watu wako msikitini kwenye tarawehe na sisi tumebandika mji mzima kwamba saa tatu kuna mtu anapanda jukwaani na kinanda. Hata kama usipoonekana, nani atalipa kiingilio cha elfu kumi mapema kwa shoo ambayo huenda ikafutwa saa moja usiku? Hapo alikuwa na haki. Tatizo langu ni kwamba hiyo Shaabani haikuanza jana, alikuwa nayo wiki tatu zote tulizokuwa tunapanga.

Basi shoo irudi Ijumaa. Lakini kuna ukumbi, Ijumaa una harusi? Akapiga ukumbini, akanipigia, hakuna harusi ila mwenye ukumbi kaongeza bei. Kuna sare, kina mama walishanunua vitambaa vya kijani na dhahabu na mafundi waliambiwa wamalize Jumamosi mchana. Kuna gari la matangazo, lile la spika, limelipiwa lizunguke Jumamosi asubuhi, kwa shoo ya jana yake. Kila kimoja kakigundua akiwa kwenye simu na mimi, mmojammoja, na kila akigundua ananiuliza "sasa tunafanyaje mwanangu" kama vile mimi ndo nimeuza tiketi.

Tulichofanya: umeme uliporudi, na huo ulirudi saa saba na nusu, tukachapa vibandiko vya "IJUMAA" vya rangi nyekundu tukavikata kwa mkasi tukabandika juu ya neno JUMAMOSI kwenye kila bango, mimi, dizaina na dogo anayenisaidia. Picha ya malkia tukaichapa peke yake kubwa na gauni lote mpaka kiatu, bango la pili, machache, ya kubandika mlangoni pa ukumbi na kule mtaani kwake anakokaa. Hilo la mtaani kwake ni wazo langu na najivunia. Ataliona kila asubuhi akienda dukani, na binti mpya hatakaa ajue. Mama kakubali, kuhusu hela akasema "nitakutumia". Nikamwambia mama, tuma sasa hivi, na ya kutolea, yaani ile ada ya wakala. Katuma, ya kutolea kasahau.

Mchana huo

Saa sijui, jua lilikuwa kali. Mimi na dogo na boda, Buguruni, Tazara, Temeke, Tandika. Watu wananiuliza kwa nini mnabandika karatasi zama hizi, si mtandao upo. Upo. Lakini mteja wa taarabu Tandika anaamini ukuta kuliko simu, akiliona bango kwenye kibanda cha mangi anapopita kila siku anajua shoo ipo kweli. Nguzo za umeme hatugusi, na ukuta ulioandikwa USIBANDIKE MATANGAZO hatugusi, tunaomba kwa wenye vibanda, saluni, mafundi cherehani. Na bado mgambo wawili wakatusimamisha wakataka kibali. Nikatoa. Watu wa manispaa wana haki ya kuuliza na mimi nina haki ya kuwa na karatasi zangu, afisa utamaduni kagonga muhuri, cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kipo. Wakakisoma mbele na nyuma, mmoja akauliza, hii Ijumaa mbona imebandikwa juu? Nikaanza kumweleza habari ya tarehe 29 Shaabani. Akanielewa haraka sana, akaniuliza nina kadi za bure.

Sina kadi za bure. Sijawahi kuwa na kadi za bure, na hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote kwenye hii kazi.

Jioni, jioni sana

Nikapanda tena mpaka Mikocheni, Nafasi Art Space, nikaacha vipeperushi, nikakaa kwenye kivuli cha moja ya yale makontena ambayo wasanii wameyageuza studio, nikanywa maji. Pale nilimaliza orodha kwenye simu. Kwenye hoteli moja njiani mgeni aliniuliza kuhusu Sauti za Busara, lile tamasha la muziki, nikamwambia hiyo Zanzibar na ni Februari, leo nakupa dansi na taarabu za hapahapa, akaandika.

Orodha yetu ina kitu kinaniuma na nikichoka kinaniuma zaidi. Ukiisoma unadhani sanaa ya Dar iko Upanga, Masaki na Mikocheni, na Temeke kidogo kwa waliolipa. Wiki hiyohiyo kulikuwa na vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku kucha, na muziki wa singeli Manzese, Tandale, Mbagala huko, ngoma ya mdundiko inapita mitaani na watu nyuma yake kuliko ukumbi wowote niliouandika, na hakuna hata kimoja kwenye orodha, sababu hakuna bango, hakuna kiingilio, hakuna wa kumpigia simu, kinasambaa kwa mdomo tu. Bosi anasema tusichoweza kuthibitisha saa na mahali tusiandike. Namwelewa. Ila na taarabu yetu ilikuwa imethibitishwa, na muhuri juu.

Saa 5 usiku

Nimefika nyumbani, miguu haina mwenyewe, gundi imenikaukia kwenye kucha. Simu. Mama meneja. Amepita ukumbini kaliona bango, malkia kafurahi, anasema kwa heshima hiyo anataka na bango la Idi kabisa mapema, kiingilio kilekile. Nikamuuliza tarehe. Akacheka. Mabango ya Idi hatuandiki tarehe, tunaandika IDI MOSI basi, kila mtu atajua mwezi ukionekana, na hilo halihitaji kibandiko chekundu.

"Na picha mama, katikati tunamweka nani?"

Akasema hilo tutaongea kesho. Nikamwambia kesho sawa, ila advansi itangulie, na ile ya kutolea ya leo aijumlishe humohumo.