Kufuli Nililolifunga Likanifungia Wateja Nje

Ujumbe wa mteja uliingia usiku: "Samahani kaka, nimefika pa kuandika nenosiri, simu inaniambia tovuti yako si salama. Niendelee au niache?" Nikamjibu aendelee tu. Mpaka leo jibu lile linanitia haya.

Kesho yake nikataka kujionea mwenyewe. Nikawasha Wireshark, programu inayonasa data zinazopita mtandaoni, kisha nikajaza fomu ya duka langu kama mteja. Haikuhitaji utundu wowote. Jina, namba ya simu, nenosiri nililolitunga, vyote viliandikwa pale herufi kwa herufi, kama barua isiyo na bahasha. Yeyote aliyekaa katikati ya njia, tuseme mwenye Wi-Fi ya bure aliyojiunga nayo mteja, angesoma bila kutoka jasho. Tena angeweza hata kubadilisha: kutoa namba yangu ya malipo na kuweka yake. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Dawa yake ni cheti cha tovuti, faili linalothibitisha jina la tovuti na kuwezesha data kufichwa njiani. Changu nilikipata bure Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo. Nilidhani nitadaiwa nyaraka chungu nzima, kumbe wanachotaka ni kuhakikisha kwamba jina la tovuti liko mikononi mwako. Certbot, programu inayoomba na kuhuisha vyeti, huweka faili dogo kwenye seva, kompyuta inayobeba tovuti; wao hulisoma kutoka nje kupitia mlango namba 80, ule wa http, njia ya wazi isiyoficha data, basi. Ufunguo wa siri wa cheti, ambao tovuti hujitambulisha nao, haukutoka kwenye seva yangu hata mara moja. Nikarudia jaribio la Wireshark: safari hii niliona mchafukoge wa herufi, isipokuwa jina la tovuti, ambalo bado lilisomeka.

Kilichonichosha ni picha. Ukurasa ulishakuwa wa https, yaani njia inayoficha data kwa kutumia cheti, lakini picha za zamani zilikuwa bado zinaitwa kwa http, na kivinjari kikagoma kuonyesha kufuli, ile alama ya ukurasa salama. Nilizirekebisha moja moja.

Nikajiona nimemaliza. Vyeti hivyo vilikuwa vya siku 90, na Certbot ilikuwa ikijaribu kuvihuisha vikibakiza siku 30. Mimi, kwa ujuaji wangu, nilikuwa nimeshaufunga ule mlango namba 80. Http ya nini tena? Kwa hiyo majaribio yakafeli kimyakimya mwezi mzima, muda ukaisha, na kila aliyefungua duka akakutana na onyo kubwa badala ya bidhaa. Oda zikakatika ghafla. Kwa saa kadhaa nililaumu mtandao, nikaiwasha na kuizima seva, mpaka nilipobofya lile onyo na kusoma tarehe ya mwisho ya cheti. Ilikuwa ya jana. Nikafungua mlango, nikaamuru kihuishwe; haikuchukua hata dakika moja. Siku hizi nina kikumbusho kwenye simu, ingawa mashine inajiendesha. Siiamini tena.

Yule mteja wa kwanza nilimwandikia kwamba mambo yamekaa sawa. "Kwa hiyo sasa nikuamini, kaka?" Nikamweleza kama lilivyo: cheti kinahakikisha maneno yako yanafika kwenye tovuti yenye jina hili bila kusomwa wala kuchezewa njiani. Uaminifu wa mwenye tovuti hakiugusi. Hata tapeli anakipata bure, kama nilivyokipata mimi.

Akakaa kimya kidogo, kisha akaagiza kitu kimoja, kile cha bei ya chini kuliko vyote.