Maharage kwenye mfuko wa koti

Kijana mwenyewe hakulalamika. Alipokea insha yake, akautazama ule wino mwekundu kutoka juu mpaka chini, akaikunja karatasi mara mbili na kuitia ndani ya daftari. Nilikuwa nimempa alama tisa kati ya ishirini. Ilikuwa insha bora kuliko zote katika darasa la watoto tisini na wanne, na nilijua hivyo kalamu ikiwa bado mkononi.

Nilimkata alama kwa kuandika "batu" badala ya watu, "bitabu" badala ya vitabu, "muti" badala ya mti. Alitoka Bunia, Kongo. Familia yake ni miongoni mwa waliovuka Ziwa Albert kwa mashua mwaka 2018 wakapokelewa kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, kisha mjomba wake akamleta huku kwetu Wakiso, Uganda, asome. Kiswahili amekinyonya kwa mama. Mimi ndiye mwalimu wake wa Kiswahili. Kila aliponyoosha mkono darasani tumbo langu lilikata, nikamchagua mwingine.

Niseme nilikotoka. Mimi ni mtoto wa Busia, upande wa Uganda, mji unaosemekana kuzaa neno bodaboda miaka ya 1960, baiskeli zilipokuwa zikivusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Kiswahili changu ni cha malori na magunia ya mahindi. Nyumbani tulisema "kitabu yangu" na hakuna aliyekufa. Chuoni mhadhiri mmoja alinisimamisha, akanitaka nirudie sentensi mara tatu wenzangu wakicheka, na nadhani tangu siku ile sijakaa chini sawasawa.

Nikaolewa Masaka. Mama mkwe wangu ni mtu mwema sana, lakini akinisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu na dada zangu hutoka nje. Maneno ya kwanza ya Kiswahili aliyoyajua yalikuwa "lala chini" na "leta pesa", ya wanaume wenye bunduki, miaka ya sabini. Amin alipokitangaza lugha ya taifa mwaka 1973 hakukifanyia hisani. Katika Buganda wapo wengi mpaka leo wanaokiita lugha ya wezi, na mimi ndicho kinachonilisha.

Halafu ukaja mwaka 2022. Katika mwezi mmoja, Julai, baraza la mawaziri liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni (ingawa Katiba ilishakitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005), na mwezi huohuo mishahara ya walimu wa sayansi wenye shahada ikapandishwa hadi shilingi milioni nne. Sisi wa sanaa tulibaki kwenye robo hivi ya hizo. Lugha yangu ilipanda cheo, mshahara wangu ukabaki ulipo. Mwalimu wa fizikia anakaa meza ya pili kutoka yangu. Ni mtu mpole, hajawahi kusema neno baya, na bado nilianza kumwomba radhi nikipita kuchukua chai.

Hapo ndipo mwenzangu wa sako, chama cha akiba na mikopo cha walimu, aliponiambia habari za kocha wa maisha. Mume wangu alidhani nataka kujiunga na timu ya mpira. Mimi nilikuwa na shaka kwa sababu nyingine: nilishawahi kulipia semina ya hamasa katika hoteli moja ya Kampala, tukapiga kelele kwamba sisi ni simba, na usimba wangu ukaisha kabla takisi haijatoka kwenye paki.

Kocha huyu alikuwa mama wa Kinubi wa Bombo, mkunga mstaafu. Wote tulimwita Hajati. Alisomea ukocha kwa njia ya mtandao shule zilipokuwa zimefungwa, zote au baadhi ya madarasa, kwa korona, kile kipindi cha tangu Machi 2020 mpaka Januari 2022. Malipo yalikuwa shilingi elfu arobaini kwa saa, vikao sita, Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili. Na saa ilikuwa saa kweli. Aliweka simu mezani ikihesabu dakika, na ikilia anafunga daftari hata kama unalia.

Siku ya kwanza, kabla ya lolote, aliniuliza kuhusu usingizi, chakula, na kama nimewahi kufikiria kujidhuru. Alisema jibu lingekuwa ndiyo, kazi isingekuwa yake tena, ingekuwa ya daktari, na ikibidi angenisindikiza mwenyewe mpaka Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili. Nikacheka, kwa sababu kwetu jina la hospitali ile ni mzaha wa kutupiana barabarani. Yeye hakucheka. Baadaye nilielewa kwamba ule ulikuwa mpaka wa kazi yake, naye alikuwa anaujua vizuri kuliko wale wa hotelini.

Nilikuwa nimejiandaa kupewa mawaidha. Nilitarajia senga, shangazi wa Kiganda anayekuambia kaa hivi, mjibu mumeo hivi. Nusu saa ya kwanza niliona nimeibiwa. Kila nikiuliza nifanye nini, ananirudishia swali.

"Hajati, wewe unaonaje?"

"Mimi si senga wako, mwalimu. Wewe unaonaje?"

Kikao cha pili aliniuliza swali lililonifuata wiki nzima. Nilikuwa nimemweleza kwamba nikisimama darasani kuna sauti inayoniambia leo utaumbuka. Akauliza: "Sauti hiyo inasema lugha gani?"

Nikanyamaza. Nikaisikiliza. Ilikuwa Kiingereza. Mhadhiri wetu wa Kiswahili alikuwa akitukaripia kwa Kiingereza, na miaka yote hiyo sauti niliyoidhani ni ya kwangu, ya dhamiri, ya ukweli mchungu, ilikuwa ikinisema kwa lugha ambayo hata sioti nayo ndoto. Nilicheka mpaka Hajati akaniletea maji. Sauti haikuondoka siku hiyo, na sitamdanganya mtu kwamba iliondoka. Ila ni vigumu kumwogopa mgeni kama ulivyokuwa ukimwogopa mwenye nyumba.

Aliniambia pia kwamba jambo hili lina wazee wake. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake waliofaulu masomo na kazi lakini ndani yao waliamini wamewadanganya watu na siku moja watakamatwa; wakaiita hali hiyo "impostor phenomenon", yaani kujiona tapeli. Nilifurahi mno kusikia ugonjwa wangu una jina. Hajati akanikata: "Si ugonjwa. Na usilivae kama gomesi, ukaanza kutembea nalo harusini."

Kazi aliyonipa ilikuwa ya kitoto. Nitie maharage mfuko wa kushoto wa koti, na kila nikiomba radhi bila kosa, nihamishie moja mfuko wa kulia. Jumatatu, kabla ya chakula cha mchana, nilikuwa nimehamisha ishirini na tatu. Samahani kwa mlinzi aliyechelewa kufungua geti. Samahani kwa mwanafunzi aliyenikanyaga. Samahani kwa chaki iliyokatika. Hakuniambia niache. Aliniambia nihesabu tu, na kila nikishika harage nisikilize kiti nilichokalia au ardhi niliyosimama juu yake kwa pumzi moja, kisha niendelee.

Wiki ya kwanza nilijiona mwendawazimu mwenye maharage. Wiki ya tatu kukatokea kitu ambacho nitajaribu kukieleza. Mnajua mvua kubwa ikipiga mabati: mnapiga kelele ili kusikilizana, mnaacha kabisa kuongea, mnakaa tu. Kisha inakatika ghafla, na mnasikia kwamba redio ilikuwa ikizungumza muda wote. Utulivu wangu ulikuja hivyo. Haukuwa furaha, wala ujasiri wa simba wa hotelini. Kelele ilipungua, nikasikia vitu vilivyokuwapo siku zote.

Kitu cha kwanza kusikika, kwa bahati mbaya, kilikuwa ile insha ya tisa kati ya ishirini.

Nilimweleza Hajati kikao cha nne. Nilijieleza kwa urefu, nikataja Kiswahili sanifu, mtihani wa taifa, wajibu wa mwalimu. Alisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza: "Ulipokuwa ukiandika tisa, ulikuwa unamwogopa nani?" Sikujibu. Sikuhitaji. Siku zote nilidhani kutojiamini kwangu kunaniumiza mimi peke yangu. Kumbe mtu mwenye hofu akipewa kalamu nyekundu ni hatari kwa watoto. Mhadhiri wangu naye, nikawaza, labda alikuwa na lake.

Takisi ya kurudi ilikwama Matugga karibu saa nzima. Kwa kawaida muda kama huo huutumia kurudia moyoni kila nilichosema vibaya wiki ile. Siku hiyo nilikaa tu, dirisha wazi, muuza karanga akipita na kurudi. Ndipo likanijia, bila kulitafuta. "Muti" wa kijana wa Bunia ni omuti wa Luganda. "Batu" wake ni abantu. Wale watoto tisini na watatu wengine, wengi wao Waganda, wanaohangaika na ngeli kama hesabu za wazimu, tayari wanazo ngeli vichwani. Daraja limekaa dawati la nyuma, na mimi nimelichora wino mwekundu.

Jumatatu nilimwita chini ya mwembe. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ikapotea.

"Insha yako ni ya kumi na saba. Nilikosea. Nisamehe."

Hiyo ilikuwa samahani ya kweli. Sikuhamisha harage.

Akaitazama alama mpya kwa muda mrefu. "Kwa hiyo mwalimu, 'batu' ni sawa?"

"Kwenye mtihani wa taifa, hapana. Kwenu Bunia, ni sawa kabisa."

Wiki hiyohiyo nilichora safu tatu ubaoni: Luganda, Kiswahili cha Kongo, Kiswahili sanifu. Omuntu, abantu, mutu, batu, mtu, watu. Omuti, emiti, muti, miti, mti, miti. Ekitabo, ebitabo, kitabu, bitabu, kitabu, vitabu. Safu ya katikati aliijaza yeye, akisimama ubaoni na chaki, kwanza kwa aibu, halafu hakutaka kukaa. Msichana mmoja wa Luwero akapiga kelele: "Kumbe ni Luganda iliyokatwa mkia wa mbele!" Mkia wa mbele ndiyo irabu ya mwanzo, na sijaona kitabu kilichoieleza vizuri zaidi. Alipouliza kwa nini basi sanifu inasema "vi" na Kongo "bi", nilifungua mdomo kutunga jibu, kama nilivyozoea. Nikasikia sakafu chini ya viatu. Nikasema sijui, nitatafuta. Hakuna aliyecheka. Nusu ya darasa walikuwa bado wananakili.

Sijawa mtu mwingine. Muhula uliopita walikuja wageni kukagua masomo, na nilihamisha maharage manne ndani ya dakika kumi, moja likiwa la kumwomba radhi mgeni kwa sababu jua lilikuwa linampiga machoni. Mama mkwe bado anatoka nje nikipiga simu, ingawa siku hizi nami natoka naye, namalizia simu tukiwa wote uani. Mwalimu wa fizikia bado analipwa milioni nne. Hilo halikuwa la kutatuliwa Bombo, na Hajati hakujifanya kwamba linatatulika kwa kuvuta pumzi. Aliniambia kutolipwa sawa na kutojithamini ni mafaili mawili, nisiyafunge kwa kamba moja.

Kikao cha sita kilikuwa kifupi. Simu ilipolia alifunga daftari, lakini hakuinuka. Alisema ana mjukuu kidato cha pili, ngeli zimemshinda, na je, ningeweza kumfundisha likizo, Jumamosi hizihizi.

"Naweza."

"Na unatoza kiasi gani, mwalimu?"

Mkono ulishuka mfukoni wenyewe. Nikayashika maharage, nikayaacha palepale.

"Elfu arobaini kwa saa, Hajati."

Akanitazama kidogo. Kisha akavaa miwani, akachukua simu, akaanza kunitumia za wiki ya kwanza.