Nilivyoipata alfa-sinukleini safi kwa kubadilisha herufi moja

Mstari mmoja kwenye jeli inayopanga protini kwa ukubwa, juu kidogo ya alama ya kilodaltoni 30 (kipimo cha uzito wa protini), ulinila wiki kadhaa. Nilikuwa natengeneza alfa-sinukleini, protini inayorundikana kwenye neva za wagonjwa wa Parkinson, kwa kutumia plasmidi, yaani duara dogo la DNA, yenye jeni ya binadamu ndani ya bakteria E. coli wa aina ya BL21(DE3). Nilipouona mstari ule nilifurahi kama aliyeokota dhahabu. Nikadhani ni protini mbilimbili zinaanza kushikana kuelekea nyuzi za amiloidi. Nikaanza hata kuzitenga.

Ushauri niliopewa ni kwamba bakteria hawaiwezi protini ya binadamu, nihamie kwenye seli za mamalia. Kwa protini hii ni porojo. Alfa-sinukleini ikiwa peke yake haina umbo maalumu, hivyo hakuna cha kukunjika vibaya, na ndiyo maana inavumilia moto. Ukishakuza bakteria kwenye nyuzi 37 hadi OD (kipimo cha wingi wa bakteria) 0.6, ukatia IPTG, kemikali inayowasha jeni, milimola 1 na kusubiri saa nne, vunja seli na uchemshe dakika 20 kwenye nyuzi 95. Protini nyingine huganda kama ute wa yai, yako inabaki kwenye maji. Gawanya kwenye mirija midogo. Ukichemsha chupa nzima, katikati hapaivi. Kisha streptomisini salfeti, miligramu 10 kwa mililita, itazamishe DNA, la sivyo DNA itaziba nafasi kwenye safu ya kubadilishana ioni, inayotenga protini kwa chaji. Protini yenyewe hutoka safuni karibu na chumvi milimola 300. Kwenye jeli hukaa karibu na alama ya 17 ingawa uzito wake ni kilodaltoni 14.5, usihangaike, ndivyo ilivyo.

Sasa ule mstari. Siku moja nilipakia sampuli ileile mara mbili, moja ikiwa na DTT, kemikali inayovunja madaraja ya salfa, na nyingine bila. Yenye DTT, mstari haukuwepo! Dhahabu yangu ilikuwa daraja la salfa kati ya sisteini mbili, asidi amino zenye salfa. Lakini alfa-sinukleini ina asidi amino 140 na hakuna sisteini hata moja. Spektrometa ya masi, kifaa cha kupima uzito wa molekuli, ikaonyesha kilele kidogo pembeni, pungufu kwa daltoni 60, tofauti ileile iliyopo kati ya asidi amino tairosini na sisteini.

Kusoma DNA ya plasmidi hakukunisaidia, kwa sababu DNA haina kosa. Kosa linatokea bakteria anapoitafsiri. Tairosini ziko nne, kwenye nafasi ya 39, 125, 133 na 136. Tatu za kwanza zimeandikwa kwa kodoni (herufi tatu za DNA) TAT, ya mwisho TAC, na hapo E. coli huteleza akaweka sisteini, ambayo kodoni yake TGC ni jirani wa herufi moja. Huteleza hadi karibu protini moja kati ya tano. Dawa ni kuibadilisha TAC hiyo iwe TAT: tairosini ileile, tahajia nyingine.

Praima mbili, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili, za herufi thelathini na kitu, badiliko likiwa katikati, gharama yake haifiki hata ya boksi la tipsi za pipeti. Mizunguko 18 ya PCR, mbinu ya kunakili DNA, kisha kimeng'enya DpnI saa moja kwenye nyuzi 37, ambacho hukatakata plasmidi ya zamani kwa kuwa ina alama za methili, tofauti na nakala mpya. Mara ya kwanza niliweka kiolezo, yaani plasmidi ya zamani ya kunakiliwa, nanogramu 200 kwa uroho. Koloni zilijaa sahani, nikajipongeza, nikasoma DNA ya nane: zote za zamani, DpnI ilikuwa imezidiwa. Niliposhuka hadi nanogramu 30 nikapata koloni kumi na moja tu, na tisa zilikuwa sahihi. Kiolezo chenyewe kitoke kwa bakteria wa DH5α au aina nyingine inayoweka methili. Kikitoka kwa isiyoweka, DpnI haikigusi kabisa.

Kwa sahani za kuoteshea bakteria, tumia antibiotiki kabenisilini badala ya ampisilini. Ampisilini huisha nguvu mapema na vikoloni visivyo na plasmidi vinaota kando ya vile vya kweli.

Jeli mpya bila DTT ikatoka na mstari mmoja tu. Kisha nikakumbuka kwamba A53T na A30P zangu, zile alfa-sinukleini zenye mabadiliko ya kurithi, nilizitengeneza kutoka plasmidi ileile ya zamani. Praima zilibaki za kutosha.