Mama Alipochoma Uzi wa Koti

Mama yangu alikuwa haingii soko la mitumba. Daladala ikipita Karume aliangalia upande wa pili, na nyumbani kwetu Mabibo nguo hizo aliziita kwa jina la zamani, kafa Ulaya, tena kwa sauti ya kulipigia mstari. Alifanya kazi kiwanda cha nguo miaka kumi na tisa, kwenye mashine za kufuma, mpaka walipopunguzwa. Hesabu yake ilikuwa fupi: katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ilifunguliwa, marobota yakaingia, watu wakakiacha kitambaa chetu. Nilipokua nilijifunza kwamba viwanda vile viliumwa na mengine pia, umeme wa kukatika, mashine zilizochoka, vipuri visivyopatikana. Sikumwambia. Mtu aliyesimama zamu za usiku miaka yote hiyo humwendei na habari ya vipuri.

Mwaka 2008 nilikuwa nimemaliza chuo. Ijumaa moja nikaitwa kwenye usaili, ofisi ya Posta, Jumatatu saa tatu asubuhi. Nilikuwa na shilingi 15,000. Koti jipya la maana Kariakoo hela hiyo haikuligusa, na yale niliyoyaweza yalikuwa mepesi, yanang'aa kama mfuko wa sukari. Usiku nikamwambia mama kwamba nitaenda Karume. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele.

Alfajiri nilimkuta amekwisha kujifunga khanga, ana kibiriti mkononi. "Twende. Peke yako watakubambikia."

Tulifika marobota yakifunguliwa, na asiyefika saa hiyo hajaijua biashara hii. Robota la kilo 45 limebanwa kwa mikanda. Mkanda ukikatwa, nguo zinafutuka kama unga ulioumuka, na ile harufu ya mitumba, ambayo kila mtu wa Dar anaijua, inakupiga usoni. Muuzaji amelinunua bila kuona kilichomo. Wanaowahi, wengi wao wenye maduka ya mitaani, wanachagua za kwanza kwa bei ya juu. Zinazobaki zinatundikwa. Zisizonunuliwa zinashuka chini kwenye turubai, na hapo ndipo unaposikia, "Jero, jero! Chagua dada, jero!"

Koti niliona upesi: bluu iliyokolea, kiuno kimeingia vizuri. Kijana akasema 12,000. Nilikuwa nimeshashika pochi mama alipolichukua.

Aliligeuza nje ndani. Akapitisha vidole kwapani, kwenye kola, kwenye pindo. Akaliinua kwenye mwanga kutafuta palipolika. Kisha akachomoa uzi mmoja ndani ya pindo, akawasha kibiriti.

"Mama, unaunguza mali!"

"Nimechoma uzi, kijana wangu. Koti hilo hapo."

Akaninusisha. Nywele zilizoungua, kabisa. "Sufu," akasema. Tukaenda kwenye blauzi nyeupe: uzi ukanuka karatasi, ukaacha jivu laini. Pamba. Blauzi niliyoipenda zaidi, ya rangi ya maziwa, uzi wake ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha punje nyeusi ngumu. "Hii plastiki. Jumatatu utakaa mbele ya wakubwa umelowa jasho."

Kijana alikuwa amesogea. "Mama, wewe fundi?"

"Nilikuwa kiwandani."

Hakuuliza zaidi. Alivuta stuli, akaipangusa, akamwomba amwangalizie zilizobaki. Mama yangu, yule wa kuangalia upande wa pili, alikaa Karume mpaka saa nne. Alitenga mafungu: ya kutundika, ya kushonwa kwanza, na ya kutupa. Pamba zilizochanika alizitoa kando ziuzwe gereji, mafundi wa magari wanazitaka za kufutia mikono. Ila zile za plastiki zilizokwisha alizirusha bila kutazama. "Hata grisi haifutiki hapa. Hainyonyi."

Fungu lile halijanitoka kichwani. Fulana moja ya pamba hula maji kama lita 2,700 kabla haijafika mwilini mwa mtu, kwa hiyo kuivaa mara ya pili na ya tatu naliamini kwa moyo wote, na mpaka leo nguo zangu nyingi ni za mtumba. Lakini aliyefunga robota lile alijua kwamba humo ndani kuna takataka, na akazipakia melini hivyo hivyo. Mlipaji alikuwa kijana yule mwenye turubai, na mwisho wa nguo zile ni dampo la Pugu.

Alituachia koti, blauzi na sketi kwa 11,000. "Jumatano nafungua jingine, mama," akasema tukiondoka. Mama akaitikia kama hakusikia.

Blauzi aliiloweka kwenye maji ya moto na chumvi. Koti hakuruhusu liguswe na maji. Alilitundika kwenye upepo tangu Jumamosi mchana, akawa analigeuza kila nikimtupia jicho. Jumapili usiku akawasha pasi ya mkaa, akatandaza khanga yenye unyevu juu ya koti, akaanza kulipiga polepole, mvuke ukipanda. (Kazi ile sikuipata. Nilipata nyingine miezi minne baadaye, nikiwa na koti lile lile, na bado linavaliwa. Nimebadilisha bitana mara mbili.)

Alipofika kwenye mshono wa bega alisimamisha pasi, akafunua khanga, akaupapasa mshono kwa kidole gumba, mbele na nyuma.

"Aliyelishona hili hakuwa na haraka," akasema.

Akarudisha khanga, akaendelea. Baada ya kitambo, bila kuinua kichwa:

"Yule kijana alisema lini?"

"Jumatano, mama."