Mlango uko wapi?

Jumapili usiku.

Kila nikiwaza habari ya kumshuhudia Yesu kwa watu nje ya kanisa, swali ni lile lile: anayeambiwa anaweza kuondoka? Mhubiri akisimama ndani ya daladala iliyoshona, abiria hana pa kwenda. Anatazama dirishani kimya, na mhubiri anaona amepata msikilizaji.

Saluni ndiyo balaa zaidi. Rasta ndogondogo ni kazi ya saa 4 hadi 6, na kichwa kimeshikwa, nusu kimesukwa, nusu kiko wazi. Mteja ataitikia "amina" yoyote mradi asivutwe nywele. Msusi mwenye busara hugusia mara moja tu, na mteja akibadili mada anamwacha abadili. Kazi ikiisha, pesa ikalipwa, mteja kasimama na mkoba begani, hapo ndipo pa kusema, "Dada, nina neno dogo, kama una nafasi." Akiketi tena, ameketi mwenyewe. Mgonjwa kitandani naye ni hivyo hivyo, na dada wa kazi mbele ya mama mwenye nyumba.

Kijiweni kwa bodaboda mambo hugeuka. Abiria akitokea, msikilizaji kawasha pikipiki, kaenda. Habari nzima ya Yesu iishe ndani ya dakika moja, na wanaoanzia kwa Adamu hawafiki msalabani. Paulo aliibana katika 1 Wakorintho 15, mstari wa 3 hadi wa 5: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akawatokea watu. Ukiruka "dhambi zetu", kinabaki kifo cha mtu mwema. Ukiruka kufufuka, umeleta taarifa ya msiba. Na ukiongeza kwamba akimpokea Yesu marejesho ya pikipiki yatakuwa mepesi, umemuuzia kitu ambacho Paulo hakukitia humo. Deni likibaki pale pale, atakudai wewe na Mungu wako.

Maneno yetu ya ndani nayo yanatuangusha. "Kuokoka", kwa wengi, maana yake ni kuhamia kanisa fulani na kuvua hereni. Sema kusamehewa na Mungu na kuanza kumfuata Yesu. Ni refu kidogo, lakini linaeleweka.

Kwa jirani Mwislamu, Biblia usiilaze sakafuni wala karibu na miguu, na ile iliyojaa mistari ya kalamu iache nyumbani. Akikukaribisha futari, kula futari. Akiuliza habari ya "Mwana wa Mungu", anza na lile linalomkwaza: hakuna Mkristo anayefundisha kwamba Mungu alioa akazaa. Kumsema vibaya Mtume wake hakumsogezi mtu hatua hata moja.



Msikilizaji yeyote akitaka kuendelea, usimkabidhi Biblia nzima siku ya kwanza. Ataanza Mwanzo vizuri, atakwama Walawi, na ataona aibu kukwambia. Mpe Injili ya Marko, yenye sura 16 tu, msome sura moja kila mkikutana. Asome yeye kwa sauti. Kama kusoma kunampa shida, isikilizeni pamoja kwenye simu bila kuuliza sababu. Kisha maswali mawili: Yesu amefanya nini hapa, na waliokuwepo walimwonaje? Halafu nyamaza, hata ukimya ukizidi kidogo. Wengi huharibu hapo, kwa kujijibu wenyewe.