Kiwiliwili cha Mzee wa Zeze

Mwezi wa Julai mwaka 2014 kikundi chetu cha maigizo hapa Dodoma kilihitaji kikaragosi cha kimo cha mtu mzima, mzee wa Kigogo mpiga zeze, na mimi ndiye niliyejitia kimbelembele kusema kwamba ningeweza kukitengeneza bila gharama kubwa. Bandeji za plasta wanazofungia hogo hospitalini zilikuwa ghali kwa mfuko wetu, kwa hiyo nilikwenda kwa fundi wa dari, mtu mzima ambaye alikuwa akisubu mapambo ya jipsam kwa katani nyuma ya nyumba yake, nikamweleza shida yangu.

Alicheka kwanza, kisha akanifundisha mambo ambayo sikuyasahau. Unga ndio unaonyunyizwa kwenye maji, si maji kumiminwa juu ya unga. Unaendelea kunyunyiza mpaka vionekane visiwa vidogo vikavu, unasubiri vinywe maji, ndipo unapokoroga taratibu. "Na chumvi usitie, mwanangu, itagandia mikononi mwako." Jasi, ambayo ndiyo hiyo jipsam, ni mali ya kanda yetu hii ya kati, kwani huchimbwa Itigi mkoani Singida, ikichomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi hupoteza sehemu kubwa ya maji yake, na ikirudishiwa maji hugeuka jiwe tena, huku ikitoa joto.

Joto hilo alilionja mdogo wangu, aliyekubali kusimama kwa malipo ya chipsi mayai. Tulimvisha fulana kuukuu, tukamzungushia nailoni na kuipaka mafuta ya mgando, kisha tukaanza kumbandika vipande vya shuka vilivyochovywa kwenye jipsam, kuanzia mabegani hadi nyongani. Tulimaliza mbele kwanza, tukapaka mafuta kwenye kingo, ndipo tukaingia mgongoni, ili nusu mbili za kalibu ziachane bila mkasi kukaribia ngozi ya mtu. Tulipofika tabaka la tatu alisema kwa sauti ndogo, "Kaka, naiva." Nilimwambia avumilie. Dakika chache baadaye macho yalianza kumlegea, kwa kuwa alikuwa amekaza magoti muda wote huo, na ikabidi wenzangu wawili wamshike makwapani huku mimi nikibandua ganda kwa pupa. Hadi leo naona nilikosa: nilipaswa kumpa fimbo ya kuegemea tangu mwanzo na kumsikiliza aliposema mara ya kwanza.

Ganda la jipsam lilikuwa zito, na hakuna mchezaji ambaye angelibeba jukwaani, lakini kazi yake ilikuwa kutupa umbo tu. Ndani yake tulibandika karatasi za mifuko ya saruji, ambazo ni imara kuliko magazeti, kwa gundi ya unga wa ngano iliyotiwa mrututu kidogo ili wadudu wasiifanye chakula. Matabaka matano yalikauka kwa siku mbili, maana upepo wa Dodoma wa Julai hauna mzaha, na tulipounganisha nusu zile mbili niliinua kiwiliwili kizima kwa mkono mmoja.

Hapo ndipo tulipoona kwamba mzee wetu alikuwa amesimama kama kuruta wa JKT kwenye gwaride. Tulikuwa tumemsimamisha kijana wima, na kalibu haikutuonea haya. Nilikata kabari tumboni kwa kisu, nikakikunja kiwiliwili mbele mpaka mgongo ukapinda, nikakishona kwa waya wa kufungia nondo na kubandika karatasi upya juu ya jeraha.

Tulikipeleka kwa fundi cherehani wa sokoni Majengo, ili akipimie kanzu. Alizungusha futi kifuani, akaipitisha begani, akarudia, kisha akauliza, "Huyu nani anayebeba maji upande mmoja?" Bega la kushoto lilikuwa limeshuka kama vidole viwili. Mdogo wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijishika bega lake. Tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa akichota maji kwa dumu, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuliona hilo. Fundi alitaka kuweka sponji ili mabega yalingane. Nilimwomba aikate kanzu jinsi bega lilivyo.