Siku niliyoelewa kwa nini waimbaji walikimbilia shambani

Kwa miaka mingi mimi nilikuwa natoa sadaka kwa hisia. Yaani mahubiri yakinigusa natoa, yasiponigusa natoa kilichobaki mfukoni, na Jumapili nikiwa safarini au naumwa basi wiki hiyo imepita hivyo hivyo, wala sikuwahi kuwaza kwamba kuna kitu kimepungua mahali. Na kwa vile kuna siku chache kwa mwaka nilikuwa natoa kikubwa kweli kweli, nilijihesabu kabisa kuwa ni mtu anayelitegemeza kanisa lake.

Halafu mhazini akaniomba nisaidie kuhesabu sadaka, kwa muda tu, maana mmoja wa waliokuwa wanahesabu alihama. Kwetu hahesabu mtu mmoja. Tunakaa watatu chumba cha nyuma baada ya ibada, mmoja anahesabu, wa pili anarudia, wa tatu anaandika, alafu wote tunasaini. Nilidhani ni mwezi mmoja nimalize, nikakaa karibu mwaka, na lile daftari likanifundisha kitu ambacho mahubiri yote ya utoaji niliyowahi kukaa chini yake hayakunifundisha, labda kwa sababu nilikuwa nasikiliza vibaya.

Nilichokiona kwanza ni jinsi sadaka inavyopanda na kushuka. Ikija sikukuu inajaa, wiki mbili mbele unaweza kudhani nusu ya washirika wamehama. Lakini bili ya umeme haiulizi kama watu wamesafiri. Mlinzi analala pale kila usiku, maji yanatumika, paa linavuja, na kuna mjane ambaye kanisa lilimuahidi msaada wa kila mwezi na yeye anaamka tarehe ile ile akisubiri. Matumizi yana tarehe zake, sadaka yetu inafuata mioyo yetu siku hiyo imeamkaje, na anayeumia hapo katikati mara nyingi ni yule asiyesema.

Kwetu alikuwa mwalimu wa kwaya. Huyu mtu alianza kukosa mazoezi. Kwanza siku moja moja, baadae akawa haonekani kabisa katikati ya wiki, anakuja Jumapili tu amechoka, anaongoza nyimbo zile zile za zamani. Tukaanza kusema. Na mimi nilisema, nakiri hapa wazi, nilisema mbele za watu wawili kwamba ndugu yetu amepoa, ule moto aliokuwa nao umeisha, na tukakubaliana tumuombee. Miezi kadhaa baadae nikiwa na lile daftari, narudi kurasa za nyuma kutafuta kosa la hesabu, nikakutana na mstari wa posho yake. Miezi minne mfululizo imeandikwa "bado". Hajalipwa. Ndo maana jioni alikuwa ametafuta kibarua kingine, ana watoto, na hakumwambia mtu.

Nilifunga daftari nikakaa pale muda mrefu.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nasoma kitabu cha Nehemia, na nikafika sura ya 13 ambayo kusema kweli nilikuwa nimeipita mara nyingi kama orodha tu ya mambo ya zamani. Mstari wa 10 unasema Nehemia aliona ya kuwa Walawi, yaani wahudumu wa hekalu, hawakupewa sehemu zao, kwa hiyo Walawi na waimbaji waliofanya kazi wamekimbia kila mtu shambani kwake. Waimbaji! Yaani wameandikwa kabisa. Hawakupoa, hawakurudi nyuma kiroho, walikuwa wanakwenda kulima ili wale. Na swali alilouliza Nehemia hakuwauliza wao. Aliwageukia viongozi akawaambia, "Mbona nyumba ya Mungu imeachwa?"

Nataka nikae kidogo hapa kwa sababu hii habari ina mambo ambayo hatuyasemi tukihubiri utoaji. Hilo swali la Nehemia lina historia. Nyuma kidogo, sura ya 10, watu hawa hawa walikuwa wameweka agano kwa maandishi, likatiwa muhuri na wakuu na Walawi na makuhani, wakaahidi malimbuko, wakaahidi zaka, wakaahidi hadi kuni za madhabahu, na maneno ya mwisho kabisa ya ile sura ni kwamba hawataiacha nyumba ya Mungu wao. Kwa hiyo Nehemia anapouliza mbona imeachwa, anawarudishia maneno yao wenyewe. Walikuwa wamemaanisha siku ile, mimi sina shaka, siku ile kila mtu alikuwa na moyo unawaka. Kilichoshindikana ni miezi iliyofuata.

Jambo la pili, na hili viongozi wetu walisome taratibu. Nehemia alikuwa liwali, yaani gavana wa Yuda, kwa miaka 12, kuanzia mwaka wa 20 wa mfalme Artashasta hadi mwaka wa 32, kisha akarudi kwa mfalme. Akiwa hayupo, kuhani Eliashibu alimpa Tobia, mtu aliyekuwa akimpinga Nehemia, chumba kikubwa ndani ya nyua za nyumba ya Mungu, na chumba hicho ndicho kilichokuwa kinawekwa sadaka za unga, ubani, vyombo, na zaka za nafaka na divai na mafuta. Ghala la sadaka likawa makazi ya rafiki wa kiongozi. Biblia haisemi moja kwa moja kwamba watu waliacha kuleta kwa sababu hiyo, ila angalia mpangilio wa mambo: Nehemia anaanza kwa kutupa nje vyombo vya Tobia, anaamuru vyumba visafishwe, anarudisha vyombo vya hekalu, ndipo anauliza habari ya sehemu za Walawi, ndipo Yuda wote wanaleta zaka zao. Na hakuishia hapo, akaweka watunza hazina, Shelemia kuhani, Sadoki mwandishi, Pedaya Mlawi, na Hanani akiwa pamoja nao, na sababu imetajwa, walihesabiwa kuwa waaminifu. Watu wanne, wa nafasi tofauti. Mimi niliyekaa chumba cha nyuma na wenzangu wawili nikisaini chini ya kila ukurasa nilisoma hapo nikafarijika sana.

Kwa hiyo anaposimama mtu kusema watu wa siku hizi hawatoi, naomba aulize pia chumba kina nani. Na anayesema mimi sitoi kwa sababu siwaamini viongozi, nae namuelewa, ila namuomba asiishie kwenye kunyamaza na kuzuia. Uliza hesabu. Omba taarifa isomwe mbele ya kanisa. Paulo mwenyewe alipokuwa anakusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakubeba peke yake, aliwatuma Tito na ndugu wengine waliothibitishwa na makanisa, akasema wazi kwenye 2 Wakorintho 8 kwamba anajiepusha mtu asije akamlaumu, kwa sababu anatunza mambo mema mbele ya Bwana na mbele ya wanadamu pia. Kama Paulo alikubali kukaguliwa, hakuna mtumishi aliye mkubwa kuliko hilo.

Ila turudi kwenye ule uaminifu wa kila wiki maana ndo mzigo ulionifanya niandike.

Kwenye kuhesabu kwetu kulikuwa na bahasha zenye namba tu, bila majina. Kuna kama kumi na kitu hivi nilizizoea. Kilichokuwa ndani hakikuwa kikubwa, zingine kilikuwa kidogo kiasi kwamba ukikiona peke yake ungedhani hakina maana. Lakini kilikuwepo. Wiki ya mvua kubwa kilikuwepo, wiki mahubiri yalikuwa mazito hayaeleweki kilikuwepo, na wenye bahasha wakikosa wiki moja wiki ya pili unakuta zimo mbili. Nikapiga hesabu siku moja kwa udadisi, nikagundua kwenye ile miezi ya kiangazi cha sadaka ni zile bahasha ndo zilizoshikilia taa na mlinzi na yule mjane. Sadaka zangu kubwa za sikukuu zilikuwa zimenunua spika. Spika ni nzuri, nashukuru Mungu kwa spika, lakini nilielewa kanisa lilikuwa linaishi kwa mkono wa nani.

Na hapo ndo 1 Wakorintho 16 iliponifungukia, "siku ya kwanza ya juma kila mtu kwenu na aweke akiba kwake, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake." Siku inajulikana, ni kila mtu sio matajiri, ni kwa kadiri ulivyofanikiwa kwa hiyo hakuna anayeambiwa atoe asichonacho, na sababu anayotoa Paulo ni kwamba michango isianze kufanyika yeye akishafika. Yaani hakutaka ule mchango utegemee uwepo wake na maneno yake pale mbele. Mtume anayeweza kuhubiri mpaka usiku wa manane hataki kuitumia hiyo nguvu kuwatoa watu hela! Na hawa Wakorintho walihitaji kukumbushwa, maana kwenye barua ya pili anawaambia mlianza tangu mwaka uliopita, sasa malizeni. Walikuwa na nia nzuri iliyokaa mwaka mzima. Najiona kabisa.

Wala haya hayakuishia kwenye siku za mitume. Tertullian, mwandishi Mkristo wa Karthago huko Afrika ya Kaskazini, akiandika karibu mwaka 197 kuwatetea Wakristo, anaeleza kwamba walikuwa na sanduku lao, kila mtu anaweka kidogo mara moja kwa mwezi au anapotaka, ikiwa anataka na ikiwa anaweza, hakuna anayelazimishwa. Na anataja zinakokwenda: kulisha maskini na kuwazika, yatima, wazee wasiotoka tena nyumbani, waliovunjikiwa na merikebu, waliofungwa migodini na magerezani kwa ajili ya imani. Kidogo, kila mwezi, kwa hiari, na wafungwa wakala.

Najua wengi mtauliza habari ya fungu la kumi, ni lazima au si lazima kwa walio chini ya neema. Mimi natoa fungu la kumi na limenisaidia kama mahali pa kuanzia, lakini sitamgombeza mtu anayeona tofauti, maana Paulo hakuwatajia Wakorintho asilimia, aliwaambia kila mtu kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Ila neno "alivyokusudia" tusiliruke. Kukusudia ni kukaa chini kabla. Kutoa ulichokipapasa mfukoni kapu likiwa limeshafika mbele yako hakujakusudiwa na mtu yeyote.

Jambo moja linaniuma nalisema kwa upendo. Malaki 3:10 tunaikimbilia kwenye madirisha ya mbinguni, tunahubiri madirisha, tunaimba madirisha, na tunaruka kipande cha katikati, "ili kiwemo chakula katika nyumba yangu." Chakula! Kilichokuwa kimekosekana ni kile kile cha kwenye Nehemia, sehemu ya wanaohudumu. Baraka za Mungu ni za kweli nami nimeziona, lakini mtu akifundishwa kutoa ili arudishiwe mara kadhaa, mwaka akiwa hajarudishiwa ataacha kutoa na pengine ataacha na kuja. Wakristo wa mji wa Filipi walimtumia Paulo msaada hata alipokuwa Thesalonike, mara ya kwanza na ya pili, na baadae wakamtuma ndugu yao Epafrodito ambaye njiani au hukohuko aliugua karibu kufa. Walituma kwa sababu walimpenda na waliipenda Injili.

Na kama una madeni, au wazazi wanakutegemea, usikimbilie kutoa kwa aibu. Yesu aliwakemea waliowanyima wazazi wao kwa kisingizio kwamba mali imeshakuwa Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu. Anza na kile ambacho kweli ni chako kutoa, hata kama ni kidogo, ila kipe siku yake.

Mimi sa hivi nikipata mapato kitu cha kwanza natenga, kabla ya kodi, kabla ya chochote, kiko kwenye bahasha juu ya kabati. Nikisafiri natuma kwa simu kabla sijaondoka. Ilinichukua miezi mingi kuzoea na kuna wiki mbili tatu nilikwama, wiki iliyofuata nikaweka mbili kama wale wenye namba.

Kwa mwalimu wa kwaya nilikwenda nyumbani kwake. Nilimwambia nilichosema juu yake na waliosikia ni kina nani, nikamuomba msamaha. Alinyamaza kidogo, akasema, "Ndugu yangu, mimi sikuacha kuimba, nilikuwa naimba kazini." Wazee walipolisikia jambo lile walipanga alipwe deni lake kidogo kidogo, ikachukua muda, ikaisha. Kile kibarua hajakiacha, na hatuwezi kumlaumu, maana ndicho kilichowalisha watoto wake wakati sisi tulikuwa tunamuombea moto urudi. Jumanne mazoezi tunafanya wenyewe. Alhamisi anakuja, na juzi alituletea wimbo mpya.